Uzi: Mkristo aliyeanguka (madeni, pombe, fedha za kanisa) anasimamishwaje tena? Tuweke utaratibu unaoshikika

#1 mlezi_masasi

Wapendwa, Bwana asifiwe. Wakatoliki wenzetu, Tumsifu Yesu Kristo.

Uzi huu ni wa walezi wa jumuiya, wazee wa kanisa, makatekista na yeyote anayeletewa mtu ambaye mambo yake yameharibika na sasa anauliza kama Mungu bado ana kazi naye. Huku Kusini watu hawa huja zaidi kuanzia Februari hadi Mei, pesa ya korosho ikiwa imekwisha na wadai wameanza kubisha hodi alfajiri. Tunawaombea, tunawapa Yeremia 29:11, tunawaambia mlango mpya unafunguka. Baada ya wiki tatu yuko palepale, safari hii na aibu ya ziada kwamba hata maombi yamemshinda.

Yeremia 29 ni barua, na barua husomwa tangu juu. Mstari wa 5 hadi wa 7 unawaambia mateka wa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao na wauombee amani mji waliochukuliwa. Mstari wa 10 unataja miaka 70. Ndipo lile neno la tumaini linakuja. Anayeshika mstari wa 11 ashike na bustani.

Ninaloweka hapa ni utaratibu wa msimu mmoja wa korosho, tangu mtu anapoletwa hadi malipo ya mnada yatakapokuwa yamepita mikononi mwake. Chini ya hapo hamjui kama amesimama, kwa sababu hajashika pesa.

Mtenganishe kwanza anguko lenyewe. Kuna kufeli bila kosa: ubwiriunga (ukungu wa mikorosho) umekausha maua, bei imeshuka mnadani, mtoto ameugua na akiba ikaishia hospitali. Kuna kukosa: ametafuna mfuko wa kwaya, ameuza korosho za shemeji, amedanganya kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa). Na kuna kukosewa. Mara nyingi mtu mmoja anavyo vyote vitatu vimechanganyika, na yeye mwenyewe hawezi kuvitenganisha. Kikundi kinachomtaka aliyefelishwa na bei atubu kinafanya kazi ya rafiki zake Ayubu. Yohana 9:3 imelikata neno hili: si yeye wala wazazi wake. Kinyume chake nacho kipo, mwizi anayefarijiwa kama mhanga. Huyo harudi kokote.

Pili, mlezi. Awe mmoja, wa jinsia ileile, asiye mdai wake wala ndugu wa damu. Mchungaji au padre asiwe ndiye mlezi, ana kundi zima. Wakutane mara moja kwa wiki, dakika 45 zinatosha, mahali panapoonekana lakini maneno hayasikiki. Chini ya mwembe panafaa kuliko sebuleni.

Tatu, daftari. Kaunta buku ndogo, safu tano: nani, kiasi gani au jambo gani, lilitokeaje, nani anajua, na limefikia wapi. Madeni ya fedha yaandikwe, na ya maneno pia: niliyemsingizia, niliyemwahidi nikapotea. Atakuja na mistari minne. Mkutano wa tatu itakuwa kumi na mbili. Msimharakishe, na msianze kulipa chochote kabla orodha haijatulia, maana anayelipa mapema humlipa anayepiga kelele, na mjane aliyenyamaza anabaki nyuma.

Nne, kazi ndogo isiyo na fedha wala kipaza sauti. Kuchota maji ya kanisa, kufyeka uwanja, kutembelea wagonjwa na mwenzake, na hasa misiba: kuchimba kaburi, kubeba viti, kukesha. Vijijini kwetu mtu hurudi machoni pa watu kupitia msiba kabla hajarudi kwa njia nyingine yoyote. Na ndiko anakoanza kuona anachofaa.

Tano, sala ya kila siku, iwe fupi: zaburi moja, aya moja ya Injili, na jina moja la kwenye daftari analoliombea. Dakika 15 hadi 20, kabla ya kwenda shamba. Mwezi wa kwanza zitoshe zile zaburi saba za toba: 6, 32, 38, 51, 102, 130 na 143. Anayeanza na mkesha wa kila Ijumaa na mfungo wa siku 21 kwa kawaida hafiki Pasaka.

Wanaojua afya, hesabu na taratibu za madhehebu mengine, karibuni mrekebishe.

#2 nafuatilia_newala

Naweka kambi hapa. Mlezi, mbona hujagusa pombe wakati ndiyo nusu ya kesi?

#3 tabibu_kusini

Nilijua zamu yangu itafika. Soma 1 Wafalme 19 kama tabibu. Eliya anaomba afe. Malaika hampi neno la kinabii. Anamgusa, anamwambia ale: mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya analala tena, anaamshwa, anakula mara ya pili, ndipo safari ya siku 40 hadi Horebu. Kazi mpya, yaani kuwatia mafuta Hazaeli, Yehu na Elisha, inakuja mstari wa 15 na 16. Kwa hiyo wiki ya kwanza ya mtu wako iwe usingizi, chakula na kupimwa. Malaria, sukari, presha, upungufu wa damu. Mtu mwenye wekundu wa damu uliopungua sana hana nguvu ya kuwa na maono.

Sasa pombe, na hapa nisikilizeni vizuri.

Mnywaji wa kila siku wa uraka (pombe ya mabibo) au nipa (gongo ya mabibo) MSIMFUNGISHE mfungo wa maombi. Ubongo uliozoea pombe kwa miezi hujipanga kufanya kazi dhidi ya ule utulivu wa pombe. Ukiikata ghafla, unabaki umechochewa bila breki. Kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio huanza kama saa 6 hadi 12 tangu alipokunywa mara ya mwisho. Degedege huja mara nyingi ndani ya saa 48. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, huona wadudu ukutani, hupigana, joto la mwili hupanda. Hapo vikundi husema pepo limejidhihirisha, watu wanne wanamshika, na kwa kuwa ni mfungo mkavu ananyimwa hata maji. Mtu anaweza kufa mikononi mwenu mkiwa mnaimba.

Apelekwe hospitali inayolaza, kabla hajaacha: Ndanda, Mkomaindo, Ligula, Nyangao, Sokoine pale Lindi, popote palipo karibu. Hupewa dawa ya kutuliza inayopunguzwa siku hadi siku, na vitamini B1, ambayo hutangulia dripu ya glukosi kwa sababu glukosi bila B1 inaweza kuuumiza ubongo wa mnywaji asiyekula. Hayo ni ya daktari. Yenu ni kumweleza ukweli: anakunywa nini, kiasi gani kwa siku, mara ya mwisho saa ngapi, na kama amewahi kuanguka degedege. Ndugu huficha kwa aibu, wanasema ana malaria.

Kuna na jambo la sonona. Wiki mbili mfululizo hana raha na chochote, halali au analala mchana kutwa, hali chakula, anajiona mzigo, anasema bora nisingekuwepo: huyo anahitaji matibabu pamoja na maombi. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo, humpa nafasi ya kusema. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, apelekwe siku hiyohiyo, na viuatilifu vya mikorosho vilivyo chini ya kitanda vihamishwe viwekwe kwa mtu mwingine. Karibu kila nyumba ya mkulima huku ina chupa za namna hiyo, na wengi hunywa katika dakika chache za hasira au aibu. Zile dakika zikipita kabla hajaipata chupa, mara nyingi uhai umeokoka.

#4 mlezi_masasi

Asante tabibu. Basi utaratibu ubadilike: wiki ya kwanza hospitali na chakula, daftari linaanza wiki ya pili au ya tatu. Nimekubali.

#5 hesabu_za_amcos

Wakuu, upande wa madeni. Kosa namba moja la walezi ni kumpangia mtu wa msimu marejesho ya kila mwezi. Pesa yake huja Oktoba hadi Januari, na kwa upande wa Lindi ufuta huja kati ya Mei na Julai, mbaazi baadaye. Ukimwandikia 50,000 kila mwezi, mwezi wa Machi atakopa ili alipe ulichomwandikia. Andika tarehe za mazao.

Kosa la pili ni kumwacha auze korosho zikiwa bado maua. Kangomba, mlanguzi wa korosho nje ya mnada, anampa, tuseme, shilingi 800 kwa kilo mwezi wa Aprili. Mnada ukifika 2,500, kwa kilo 100 amechukua 80,000 na kuachia 250,000. Tofauti ni 170,000, riba ya zaidi ya asilimia 200 kwa miezi saba, na biashara yenyewe imekatazwa. Hakuna deni la kikoba linalofikia ukali huo.

Mfano wa mpango (namba ni za kuonyesha tu). Mikorosho 60, wastani kilo 8 kwa mti, ni kilo 480. Ikiuzwa kwa 2,500 ni 1,200,000. Ondoa makato ya chama cha ushirika, magunia na usafiri; tuseme imebaki 1,100,000 kwenye akaunti. Gawa hivi: 500,000 chakula na shule, 200,000 shamba la msimu ujao, 400,000 madeni. Lile fungu la shamba ndilo hukatwa kwanza na wenye haraka ya utakatifu. Hata salfa (dawa ya ubwiriunga) ikitoka kwa ruzuku, palizi, mafuta ya bomba na mpuliziaji hulipwa. Usipopulizia kwa wakati ubwiriunga unarudi, mwaka ujao hana kilo 480, na daftari linarefuka.

Mpangilio wa kulipa: anza na riba kubwa kuliko zote. Mikopo ya kausha damu ndiyo ya kwanza. Kabla ya kulipa, mkopeshaji aonyeshe leseni, maana tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 anatakiwa awe nayo, na atoe salio kwa maandishi. Ukilipa kwa mdomo, mwezi ujao salio linafufuka.

#6 katekista_ndanda

Nampinga hesabu kwenye mpangilio tu. Wa kwanza ni vibarua. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka ujira ulipwe kabla ya jua kuchwa, na Yakobo 5:4 inasema ule uliozuiliwa unapiga kelele. Aliyepalilia shamba lake akaambiwa "subiri mnada" ndiye amekula mihogo mitupu tangu Juni.

#7 hesabu_za_amcos

Kwa namba ni mara chache deni la vibarua lizidi 100,000, kwa hiyo nakubali: vibarua siku ya kwanza, kisha riba kubwa, kisha kikoba, kisha ndugu. Katika 400,000 ya mfano: 90,000 vibarua, 200,000 kausha damu, 110,000 kikoba. Ndugu wataambiwa msimu ujao, na waambiwe ana kwa ana. Anayekwepa njia ya nyumbani kwa dada yake hajarudi.

Na siku ya malipo mlezi aende naye benki au kwa wakala. Walipwe vibarua na kikoba siku ileile kabla ya jua kuzama, kila mmoja atie sahihi au dole gumba kwenye daftari. Pesa ikilala nyumbani usiku mmoja mwezi wa Novemba, mabibo yakiwa yamejaa na uraka uko kila kona, hesabu yote imevurugika.

#8 mtumishi_wa_neema

Samahani wapendwa. Naona daftari, asilimia, leseni, mashahidi. Neema iko wapi? Efeso 2:8-9 inasema tumeokolewa kwa neema, wala si kwa matendo. Mtu akimjia Yesu ya kale yamepita. Mnamrudishia mtu makaburi aliyokwisha kutoka.

#9 mlezi_masasi

Mtumishi, swali lako ni la haki na linahitaji jibu refu.

Soma mstari wa 10 wa sura hiyohiyo: tumeumbwa tutende matendo mema yaliyotengenezwa tangu zamani. Kisha nenda Luka 19 uangalie mpangilio. Mstari wa 5 Yesu anajialika nyumbani kwa Zakayo. Mstari wa 8 ndipo Zakayo anataja nusu ya mali na kurudisha mara nne. Neema ilitangulia mlangoni, malipo yakafuata mezani. Hakuna anayelipa ili apokelewe. Ila deni la kibarua halikusulubiwa, kibarua bado ana njaa.

Kuna andiko nadhani ndilo moyo wa uzi huu: Efeso 4:28. Aliyeiba asiibe tena, bali afanye kazi kwa mikono yake, ili awe na kitu cha kumgawia mhitaji. Angalia Paulo anampeleka wapi mwizi. Hamwishii kwenye kuacha kuiba, wala kwenye kujitegemea. Anamfikisha mahali pa kutoa. Kusudi jipya la mtu yule limefichwa ndani ya kosa lake la zamani, mikono ileile, upande wa pili. Aliyekuwa kangomba anajua kuliko wewe na mimi ni mama gani kijijini huuza maua kila Aprili na kwa nini. Akisimama vizuri, ndiye wa kuwasaidia akina mama hao kuanzisha akiba ya chakula ya miezi ya njaa.

Walawi 6:5 na Hesabu 5:7 zinataja kurudisha deni lote na kuongeza sehemu ya tano, yaani asilimia 20. Sisi hatumlazimishi mtu. Kwanza deni lenyewe. Akipata nguvu ya nyongeza, aitoe kwa hiari.

#10 katekista_ndanda

Kwa Wakatoliki: kitubio kina kujichunguza dhamiri, majuto, maungamo, ondoleo na malipizi. Mlezi asijigeuze padre. Yaliyosemwa kwenye maungamo yamefungwa kwa siri ya sakramenti, kwa hiyo usimuulize "padre alikwambia nini". Daftari lina madeni kwa watu, maungamo yana dhambi mbele za Mungu, na mtu ana haki ya kutokukuonyesha hilo la pili. KKKT (Walutheri) na Anglikana wana taratibu zao za kuungama na za kumrudisha kundini aliyetengwa. Mlezi amuulize mchungaji wake mapema, maana mtu anaweza kumaliza madeni yote na bado hajui kama anaruhusiwa kushiriki meza ya Bwana.

Na wanaotaka aanze upya palepale, kwa cheo kilekile, wakumbuke historia ya hapa kwetu. Mwaka 1876 askofu Mwanglikana Edward Steere alitoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, shabaha ikiwa kuwarudisha kwao upande wa Nyasa. Waliishia Masasi. Mwaka 1882 Magwangwara (Wangoni) wakakipiga kijiji, na mmisionari Chauncy Maples akahamishia kazi Newala. Upande wa Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, misheni za Lukuledi na Nyangao, zilizoanzishwa miaka ya 1890, ziliteketea katika vita vya Maji Maji mwaka 1905. Mwaka uliofuata wakaanza Ndanda, chini ya uwanda wa Makonde, penye chemchemi. Kilichoungua kilijengwa upya, lakini si kila mara mahali pale wala kwa umbo lile.

#11 mgeni_nanyamba

Maswali mawili. Mtu kaiba fedha za kanisa, amelipa zote, arudishwe uhasibu? Na ndugu zake nusu ni Waislamu, wanahusishwaje?

#12 mlezi_masasi

La kwanza: hapana, na isiwe adhabu. Msamaha anapewa leo, ufunguo wa sanduku haurudi. 1 Timotheo 3:7 inataka msimamizi awe ameshuhudiwa mema na walio nje, na ushuhuda wa nje hauharakishwi na kamati. Apewe huduma isiyogusa fedha, na iwe hivyo daima. Kanisa nalo lijirekebishe: wahesabu sadaka wawili wasio ndugu, hesabu isomwe siku ileile, pesa isilale kwa mtu. Wizi mwingi wa kanisani umelelewa na kabati lisilo na mtu wa pili.

Msisahau mfano wa Yohana Marko. Aliwaacha akina Paulo huko Perge wa Pamfilia (Matendo 13:13). Safari iliyofuata Paulo alimkataa, Barnaba akamchukua kwenda Kipro (15:37-39). Miaka mingi baadaye Paulo yuleyule anaandika kwamba Marko aletwe, anamfaa kwa utumishi (2 Timotheo 4:11). Kwa hiyo mzee wa kanisa anayesema "bado" anaweza kuwa sahihi, na anayesema "nipeni mimi nimchukue" naye sahihi. Kikundi kinahitaji wote wawili.

La pili, huku kwetu kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, mjomba ndiye mwenye neno. Baba anaweza kulia msibani lakini mkutano wa deni la ukoo bila mjomba ni mazungumzo tu. Awe Mwislamu au Mkristo, aitwe. Aelezwe kiasi na tarehe, asielezwe maungamo. Mdai akiwa Mwislamu, malipo yapelekwe nyumbani kwake kwa heshima, wakati usio wa swala, na shahidi anayemwamini yeye. Mwenyekiti wa kitongoji anatosha. Msigeuze siku ya kulipa deni kuwa siku ya kuhubiri. Mtu anayerudishiwa chake kamili ameshasikia vya kutosha.

#13 mama_wawata_lindi

Tumsifu Yesu Kristo. Kaka zangu mmeandika kana kwamba anayeanguka ni baba mwenye mikorosho tu.

Mwanamke huanguka kwenye kikoba, na deni mara nyingi halikuwa lake. Alikopa kwa jina lake, pesa ikaenda kwenye pikipiki ya mume. Kwenye daftari safu ya "lilitokeaje" iandike nani alitumia. Mume aitwe kwenye mpango wa kulipa. Wanakikundi waombwe kusimamisha faini na kupokea mtaji (pesa aliyokopa) kwanza. Vikundi vingi hukubali, maana mwanachama aliyekimbilia Mtwara mjini hamlipi mtu. Ombi liletwe na mwanachama mwingine akiwa naye, mwenye deni asijitetee peke yake mbele ya watu 25.

Mlezi wake awe mama, wakutane mchana. Na akiwa amekimbia kipigo, msimwambie "rudi, samehe, huo ndio msalaba wako". Kusamehe hakudai alale tena karibu na anayempiga. Kuna dawati la jinsia polisi na ustawi wa jamii halmashauri. Yale ya kusudi la Mungu yatakuja akiwa salama.

Tena msimpe jiko la kila semina kama "huduma ndogo". Hiyo anaifanya tangu kipaimara. Mpeni kufundisha, kutembelea, kusoma masomo kanisani.

#14 nafuatilia_newala

Ushuhuda je? Watu wakisimama tunawapa kipaza sauti Jumapili ya pili.

#15 katekista_ndanda

Mngoje msimu upite. Ushuhuda wa mapema una hasara tatu ninazoziona zikijirudia. Mtu hutaja waliokunywa naye na waliokula naye, na hao hawakuombwa ruhusa. Anaahidi mbele ya kanisa kitu ambacho mwili wake bado haujakiweza. Na wadai waliokaa viti vya nyuma wakisikia "Bwana amenibariki", Jumatatu asubuhi wako mlangoni. Akitaka kushukuru, atoe sadaka ya shukrani bila maelezo.

Petro mwenyewe, baada ya kukana, hakupewa jukwaa kwanza. Yohana 21 inaanza na kazi yake ya zamani, uvuvi, usiku mzima bure. Asubuhi kuna moto wa makaa, samaki na mkate. Ule moto wa makaa Yohana ameutaja mara mbili tu, hapa na pale uani kwa kuhani mkuu alipokana (18:18). Wamekula kwanza. Maswali matatu yakaja baadaye, mbele ya wenzake, na hakuna hata moja lililouliza "kwa nini ulinikana". Kila jibu likafuatwa na kazi: lisha, chunga, lisha. Mlezi anayetaka kujua mtu wake ameitiwa nini aangalie ni nani anaanza kumfuata kuomba msaada bila kutumwa, na ni kazi gani anaifanya hata siku asiyoonwa. Hiyo ndiyo apewe zaidi, polepole.

#16 mgeni_nanyamba

Na akianguka tena Novemba katikati ya msimu?

#17 tabibu_kusini

Kama ni pombe, hesabu siku alizokunywa. Akinywa mara moja mbili, anaweza kusimama nyumbani akiangaliwa. Akiwa amerudia kila siku kwa wiki kadhaa, ni hospitali tena, kwa sababu zilezile, na ile hatari ya kuacha ghafla huwa kubwa zaidi kwa aliyewahi kupata degedege.

#18 mlezi_masasi

Daftari msilianze upya. Fungueni ukurasa uleule, muulizane ni siku gani, saa ngapi, pesa ilitoka wapi na alipitia njia ipi. Kwa kawaida kuna kitu kimoja cha kubadilisha: alikwenda benki peke yake, au magunia yalipimwa karibu na kilabu, au mlezi alisafiri na hakuacha mbadala. Hicho kibadilishwe wiki hiyohiyo. Waliokwisha kulipwa wamekwisha kulipwa, sahihi zao zipo.

Na kwa aliyeuliza faraghani nani akae na daftari: nakala ziwe mbili, moja ya mwenyewe na moja ya mlezi. Mjomba apewe karatasi yenye majina, kiasi na tarehe tu. Safu ya "lilitokeaje" haitoki nje ya zile nakala mbili. Mlezi akihama, anakabidhi nakala yake kwa mlezi mpya mwenye daftari akiwepo.